Edmund hakuuza ndugu zake kwa pipi

Nilikuwa namsomea binti yangu wa miaka 9 The Lion, the Witch and the Wardrobe cha C. S. Lewis, kitabu nilichokisoma mwenyewe nikiwa na umri kama wake. Tulikuwa tumefika pale Malkia, mchawi anayetawala nchi ya kichawi ya Narnia, anapompa mvulana Edmund boksi la mviringo lililofungwa kwa utepe wa hariri ya kijani, na ndani yake Turkish Delight. "Baba, hiyo ni kama halua?" Nikamwambia ni binamu yake halua: wanga na sukari, ila haina samli wala hiliki, na hukatwa vipande vipande. Akafikiri kidogo. "Basi hata mimi ningekula. Lakini nisingewauza kina kaka."

Hukumu hiyo ndiyo wanayoitoa wasomaji wengi wa Narnia, wakubwa kwa wadogo. Katika vitabu 7 alivyochapisha C. S. Lewis kuanzia 1950 hadi 1956, Edmund Pevensie ndiye aliyefupishwa kuliko wote: mvulana aliyeuza ndugu zake kwa pipi, kwa kukubali kumletea Malkia ndugu hao ili apewe nyingine. Wanaomtetea nao wana kifupi chao: maskini, alilogwa. Nimevirudia vyote saba mwaka huu, na siridhiki na kifupi cha upande wowote, ingawa mtu akinilazimisha kuchagua benchi nitaketi la utetezi.

Wanaomlaumu wana hoja nzito, tena si ile ya pipi. Lucy, kitinda mimba wa watoto wanne, ndiye wa kwanza kuingia kwenye kabati la nguo na kutokea kwenye nchi ya theluji. Anarudi anasimulia, hakuna anayemwamini. Peter na Susan, kaka na dada wakubwa, wanamshangaa. Edmund anamdhihaki siku nenda siku rudi, anamwuliza kama ameshagundua nchi nyingine kwenye makabati mengine ya nyumba. Kisha anaingia yeye mwenyewe, anaiona theluji, anakutana na Lucy huko huko, wanatoka pamoja. Lucy anafurahi mno, maana sasa ana shahidi. Wakifika mbele ya Peter na Susan, Edmund anasema walikuwa wanacheza tu mchezo wa kujifanya. Mwandishi anatuonya kabla ya tukio lenyewe kwamba ni moja ya mambo mabaya kabisa katika hadithi nzima. Kuna pia Tumnus, yule nusu mtu nusu mbuzi aliyemkaribisha Lucy chai na kumwachia arudi kwao. Edmund alimwambia Malkia habari hiyo mdomo ukiwa umejaa pipi, na Tumnus akaishia kuwa sanamu la jiwe. Zaidi ya yote, kitabu kinasema bila kuficha kwamba ndani kabisa ya moyo wake Edmund alijua yule mwanamke ni mbaya na mkatili.

Ndiyo maana utetezi wa "alilogwa" haunifai. Uchawi wa zile pipi umeelezwa vizuri: ukionja unataka nyingine, na ukiachiwa utakula hadi ufe. Basi. Hazimwamuru mtu aseme uongo kuhusu mdogo wake, wala hazikuwa zimeonjwa wakati anamdhihaki. Lile la makabati ni lake mwenyewe, na uongo mbele ya Peter na Susan ni wake.

Lakini pipi zenyewe tuzipime, maana hapa wasomaji wa leo wanakosa kitu. Kitabu kinasema boksi lilikuwa na ratili kadhaa. Uingereza iliweka pipi na chokoleti kwenye mgao Julai 1942. Mwaka 1949 mgao ukaondolewa, wateja wakamaliza kila kitu madukani, ukarudishwa baada ya miezi michache, na haukuisha mpaka Februari 1953. Kipimo cha kawaida kilikuwa wakia 12 kwa mtu kwa wiki 4, kama gramu 340 hivi. Kitabu kilitoka Oktoba 1950, kwa hiyo watoto wa kwanza kukisoma walikuwa bado wanapimiwa. Ratili moja ni wakia 16. Tuseme "kadhaa" ni ratili 3 tu, hizo ni wakia 48: mgao wa wiki 16 kwenye boksi moja, na mtoto amelimaliza kwa kikao kimoja. Aliyewahi kupanga foleni ya sukari Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Nakiri hesabu yangu ina ufa. Hadithi inatokea wakati watoto wanahamishwa London kwa sababu ya mabomu, na ikiwa ni 1940, sukari ilikuwa tayari kwenye mgao tangu Januari lakini pipi bado. Kwa hiyo njaa hii ni ya msomaji wa 1950 kuliko ya Edmund. Hata hivyo inatuambia kitu: boksi lile lingemtoa mate mtoto yeyote wa nchi ile. Kama pipi ndizo zilizomwangusha, hana tofauti na mwenzake yeyote, na hatuna la kuchambua.

La kuchambua liko kurasa chache kabla ya boksi, na ukikisoma haraka unaliruka. Edmund ameingia kabatini kumfuata Lucy ili amdhihaki zaidi. Amejifungia mlango nyuma yake, ni giza, kisha ni baridi, kisha miti. Anaelewa papo hapo kwamba Lucy alisema kweli. Anafanya nini? Anaita. Anamwita Lucy kwa sauti, anasema samahani kwa kutokuamini, anakiri kwamba alikuwa sahihi muda wote, anaomba wapatane. Hakuna jibu. Lucy yuko kwa Tumnus, hasikii. Edmund anajisemea kwamba wasichana ndivyo walivyo, ananuna mahali fulani na hataki kupokea samahani.

Naomba msomaji akae na tukio hilo kidogo. Huyu ndiye msaliti wetu, na jambo lake la kwanza kufanya Narnia ni kuomba radhi. Tena ameomba radhi kamili, pasipo "lakini". Ameiomba porini, peke yake, kwenye theluji, ikapotea. Dakika chache baadaye zinasikika kengele, wanatokea kulungu wawili weupe wakivuta gari la kuteleza, na mwanamke aliyeketi humo, baada ya kutaka kumgeuza jiwe, anabadili nia. Anamfunika kwa joho lake. Anamnywesha kitu cha moto. Anamwuliza habari zake.

Edmund anaweza kuomba msamaha asipokuwapo mtu wa kumwona. Hawezi mbele ya Peter na Susan. Sioni sababu nyingine ya uongo ule uliofuata. Ili Lucy awe mkweli, ilibidi Edmund asimame mbele ya kaka yake mkubwa akubali kwamba siku zote hizo alikuwa mjinga. Kwa mtoto wa tatu kati ya wanne, mwenye kaka anayetoa amri na dada anayejifanya mama, aibu hiyo ni ghali kuliko ratili 3 za pipi. Kumbuka sura ya kwanza, usiku wa kwanza kwenye nyumba ya Profesa, mzee waliyepelekwa kwake kukwepa mabomu: Susan anamwambia ni wakati wa kulala, naye anamjibu aache kuongea kama mama, na yeye ni nani hata ampangie. Mama yao yuko mbali, vita inaendelea. Mtoto amechoka na anajifanya hajachoka. Kitabu kinasema hivyo hivyo.

Upande wa pili utaniuliza: basi kila mtoto aliyeaibishwa ana ruhusa ya kwenda kwa mchawi? La. Ila tuangalie alikwenda kutafuta nini. Anapotoroka nyumbani kwa Bwana Beaver, mnyama anayejenga mabwawa na anayeongea kama mtu, mwandishi anataja matamanio yake kwa mpangilio: alitaka Turkish Delight, alitaka kuwa Mwanamfalme na baadaye Mfalme, na alitaka kumlipizia Peter kwa kumwita mnyama. Anaongeza kwamba Edmund hakutaka ndugu zake wageuzwe mawe. Alijidanganya kwamba Malkia hatawafanyia jambo baya sana. Pipi zimetangulia kwenye orodha, nakubali. Lakini mfuate sasa akitembea peke yake gizani, theluji ikimwingia viatuni, bila hata koti, maana ameliacha. Anawaza nini ili apate nguvu ya kuendelea? Anawaza kwamba akiwa Mfalme kazi ya kwanza ni kutengeneza barabara nzuri. Kisha jumba lake litakuwaje, atakuwa na magari mangapi, sinema yake binafsi, reli kubwa zipite wapi, sheria gani atunge dhidi ya wanyama wanaojenga mabwawa. Na mwisho kabisa, mipango ya kumweka Peter mahali pake. Katika ndoto hiyo yote hamna pipi hata moja. Kuna mtoto anayepanga nchi ambamo yeye ndiye anayeamua na asiyeamuliwa. (Ile ya barabara naipenda kwa dhati. Wafalme wangapi wa hadithi walioanza na barabara?)

Jambo jingine linalosahaulika: Edmund ndiye pekee aliyeuliza swali la maana porini. Wote wanne wanamfuata ndege wasiyemjua, naye anamnong'oneza Peter: tunajuaje upande huu ndio wa haki na Malkia ndiye mbaya? Swali lina hila ndani yake, kwa kuwa tayari ameshala kwa Malkia. Ila Peter hana jibu zaidi ya kwamba yule ni ndege wa aina ile inayokuwa nzuri kwenye hadithi, na kwamba Tumnus alimwokoa Lucy.

Na Peter mwenyewe? Wanaomhukumu Edmund hawamtaji sana. Edmund alipoponyoka ulimi kwa kutaja njia ya kwenda kwenye nguzo ya taa iliyoko Narnia, akajulikana kwamba alikuwa ameshafika, Peter alimwita mnyama mdogo mwenye sumu, mbele ya wote. Baadaye Peter anasimama mbele ya Aslan, yule simba, anakiri bila kuulizwa kwamba kosa ni lake pia, kwamba hasira yake ilimsaidia Edmund kupotoka. Aslan hamwambii pole wala hamkemei. Anamtazama tu. Lucy naye, mwisho wa vita dhidi ya Malkia, akimwona kaka yake amepona majeraha, anafikiri hajamwona na uso mwema hivyo tangu muhula wa kwanza kwenye ile shule mbaya ambako ndiko alikoanza kuharibika. Sentensi moja tu, kisha kitabu kinaendelea. Aliyepita bweni akiwa mdogo atasimama hapo kidogo.

Kugeuka kwake hakukuja kwa mahubiri. Alipofika kwa Malkia alipewa kipande cha mkate mkavu na maji kwenye bakuli la chuma, akajua amedanganywa, lakini hayo bado yalikuwa maumivu yake mwenyewe. Kilichombadilisha ni familia moja ya kindi na wenzao waliokutwa mezani porini, wakila pudini ya Krismasi. Malkia ananyanyua fimbo, Edmund anapiga kelele asifanye hivyo. Wanakuwa mawe, uma umesimama nusu ya njia kwenda mdomoni. Mwandishi anasema hapo, kwa mara ya kwanza katika hadithi, Edmund alimhurumia mtu asiyekuwa yeye. Alipigwa kofi kwa kelele ile.

Baada ya hapo vitabu havimsemi sana, na hilo nalipenda. Katika cha 1951 Lucy anasema amemwona Aslan, wengine hawamwoni, na Edmund anapiga kura upande wake kwa sababu moja tu: mara ya kwanza hakumwamini, akawa amekosea. Sasa anaweza kusema hivyo mbele ya watu. Katika cha 1952 anamwambia binamu yake Eustace: wewe ulikuwa punda tu, lakini mimi nilikuwa msaliti. Neno hilo hajalipunguza.

Tulipofika kwenye kile cha 1954 binti yangu alinikatiza. "Na Tumnus, alimwomba msamaha?" Nikarudi nyuma kwenye kitabu cha kwanza, nikapekua. Anawaomba ndugu zake mmoja mmoja, nao wanasema yamekwisha. Kwa Tumnus hamna. Na hapa tulipo ni mji wa Tashbaan, miaka mingi imepita, Edmund ni Mfalme aitwaye Mwadilifu, wamenaswa ugenini yeye na Susan na msafara wao, na anayepata wazo la kuwatoroshea kwenye meli yao ni Tumnus. Susan anamshika mikono na kucheza naye kwa furaha. Binti yangu akataka nirudie ukurasa huo polepole, aone kama Edmund na Tumnus wametazamana.