Joe Thomas hahitaji pete

Kila Februari, fainali ya Super Bowl inapokaribia, mabishano ya nani mkubwa katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huanza upya, na kipimo huwa kilekile: ana pete ngapi za ubingwa? Kwa kipimo hicho Joe Thomas hana kitu. Alicheza misimu 11 kama mzuiaji, yote akiwa timu ya Cleveland Browns, na hakuwahi kuingia uwanjani katika mechi hata moja ya mtoano. Mimi namweka juu ya wengi waliovaa pete mbili na tatu.

Sisi tuliokulia kwenye soka tunachelewa kuielewa kazi yake. Huku kwetu hata beki wa kati hupanda wakati wa kona akafunga kwa kichwa, na jina lake likaimbwa. Mzuiaji wa safu ya mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani hana bahati hiyo. Wako watano, wamejipanga mbele ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, wanavaa namba kati ya 50 na 79, na kwa kawaida sheria hata haiwaruhusu kupokea pasi. Wanatakiwa wampe kwotabeki sekunde mbili tatu za kutazama na kurusha, au wamfungulie njia anayekimbia na mpira. Wakifaulu, kamera inamfuata mwenye mpira. Mtangazaji akimtaja mmoja wao, mara nyingi ni kwa sababu amemshika mpinzani kinyume cha sheria, au kwotabeki yuko chini.

Thomas alicheza pembeni kushoto mwa safu hiyo. Kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia huupa upande huo mgongo, kwa hiyo anayemjia kutoka huko hamwoni. Wapinzani wanalijua hilo, na huko ndiko hupeleka watu wao wakali zaidi. Kundi la Browns lilikuwa na timu za Ravens na Steelers, maana yake kila msimu alikutana mara mbili mbili na watu kama Terrell Suggs na James Harrison, ambao kila mmoja amewahi kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima. Na yeye huwapokea akirudi kinyumenyume, wakati wao wanamjia mbio! Nikizirudia video zake huacha kabisa kuufuata mpira. Naitazama miguu: hatua fupi za pembeni, kiuno chini, mgongo umenyooka. Mikono haitoki mapema. Anasubiri mpinzani achague njia, ndipo anampiga viganja vya kifua na kumpeleka mbali na kwotabeki. Hakurupuki hata siku moja.

Halafu kuna ile hesabu. Tangu mechi yake ya kwanza mwaka 2007 hadi Oktoba 22, 2017, hakukosa hata shambulizi moja la timu yake. Yalifika 10,363 mfululizo, na hakuna mwingine anayejulikana kufika hapo tangu takwimu hizo zianze kuwekwa. Kilichomtoa ni msuli wa mkono uliochanika katika mechi dhidi ya Tennessee Titans. Hakucheza tena, Machi 2018 alitangaza kustaafu.

Ukitaka kujua uzito wa namba hiyo, tazama timu aliyoichezea. Katika misimu hiyo 11 Browns walishinda mechi 48 na kupoteza 128. Mwaka 2016 walishinda moja. Mwaka 2017 hawakushinda yoyote kati ya 16. Makwotabeki 20 tofauti walianza mechi nyuma ya mgongo wake, na kila mmoja alikuja na mwendo wake, namna yake ya kurudi nyuma na muda wake wa kukaa na mpira. Mzuiaji anajenga kazi yake juu ya kujua mtu wake amesimama wapi bila kugeuka kumwangalia. Thomas aliianza kazi hiyo upya karibu kila mwaka, na bado alichaguliwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, misimu kumi mfululizo.

Wapo wanaosema angehama. Mwaka 2015 aliripotiwa kukaribia kupelekwa Denver Broncos, na msimu uleule Broncos wakatwaa ubingwa. Sawa, angepata pete. Lakini angekuwa ni yuleyule, kwa miguu ileile na mikono ileile. Kipimo kinachobadilika kwa sababu ya karatasi iliyosainiwa au isiyosainiwa ofisini hakimpimi mchezaji. Nafurahi kwamba wapiga kura wa Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli kule Canton waliliona hilo: walimchagua mwaka 2023, mwaka wa kwanza kabisa aliporuhusiwa kuingia kwenye kura.

Napenda pia kwamba siku timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2007, na Browns wakamchukua akiwa wa tatu katika orodha nzima, hakwenda New York kupigwa picha na wenzake. Alikuwa ndani ya boti, Ziwa Michigan, akivua samaki na baba yake.

Linalonisumbua ni gharama. Alicheza akiwa na zaidi ya kilo 135, na alipoacha alipunguza zaidi ya kilo 20, kwa sababu ule mwili ulikuwa wa kazini tu. Kichwa hakipunguzwi hivyo. Mapema mwaka 2017, akiwa bado mchezaji, alisema hadharani kwamba kumbukumbu zake zimeanza kumtoroka. Ubongo wa kwanza wa mchezaji wa NFL kugunduliwa na CTE, ugonjwa wa ubongo unaotokana na mapigo ya kichwa ya mara kwa mara, ulikuwa wa mzuiaji kama yeye, Mike Webster wa Steelers, aliyefariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50. Aliyeugundua ni daktari Mnigeria, Bennet Omalu, na ligi ilimpinga kwa nguvu. Wazuiaji hugongana vichwa karibu kila shambulizi, mapigo madogo yasiyomwangusha mtu wala kumfanya daktari aingie uwanjani.

Tangu 2022 NFL inawalazimisha wazuiaji kuvaa kifuniko laini juu ya helmeti katika kambi za mazoezi. Mwaka 2024 iliruhusu kivaliwe hata kwenye mechi, kwa hiari. Kwa wale watano wa mbele, mimi ningeiondoa hiyo hiari msimu ujao.