Pima Kwanza, Kariakoo Utaenda Baadaye

Injini ya lori ikianza kupumua na kula oili, mwenye gari huwa na swali moja: ninunue orijino au kopi? Injini bado iko kwenye chesisi, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) haijaguswa na mtu, lakini seti ya laina (mikebe ambamo pistoni hupanda na kushuka) na beringi imeshalipiwa. Kwa maoni yangu, ovaholi nyingi, yaani kazi ya kuifumua injini na kuijenga upya, huharibikia hapo, kabla hata bolti ya kwanza haijalegezwa.

Tuchukue Scania yenye injini ya DC12, maana njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma imezizoea. Silinda sita, kipenyo milimita 127, mwendo wa pistoni milimita 154, jumla lita 11.7. Laina zake zinazungukwa na maji, na kila silinda ina hedi yake (kifuniko cha juu) na gasketi yake.

Anza na krenki. Kila shingo, yaani sehemu ya duara inayokaa ndani ya beringi, ipimwe kwa maikromita kwenye ncha zake mbili, na kila ncha kwa pande mbili zinazokatana. Ncha zikitofautiana, shingo imechongoka upande mmoja kama pia ya kuchezea. Pande zikitofautiana, imekuwa yai. Ikibidi kuchongwa hatua moja ya milimita 0.25, utahitaji beringi za 0.25, na zile za STD (saizi ya kawaida ya kiwandani) ulizokwisha kununua zitabaki pambo la rafu, kwani duka halirudishi hela. Mwulize mchongaji pia kuhusu kona. Pale shingo inapokutana na bega la krenki pana mviringo mdogo. Akiuchonga ukawa kona kali, ufa huanzia hapo, na siku moja krenki itakatika katikati ya mlima Kitonga na mzigo juu, halafu beringi zilaumiwe bure.

Baada ya vipimo ndipo uende dukani, na uende na namba. “Nataka pistoni za R420” si maelezo. DC12 zipo zenye mfumo wa PDE wa kupulizia dizeli na zipo zenye ule wa HPI, tena za viwango tofauti vya moshi vya Euro. Pistoni mbili zinaweza kulingana kipenyo huku bakuli la juu likitofautiana kina au umbo. Ukikosea hapo utapata moshi mweusi au injini ngumu kuwaka asubuhi, na fundi atahangaika na nozeli zisizo na kosa. Toa namba ya injini na ya chesisi. Kisha weka pistoni ya zamani na mpya mezani, pima kwa kalipa: unene wa pini, kimo kutoka pini hadi juu, kina cha bakuli. Zote sita zipite kwenye mizani. Seti yenye pistoni moja iliyozidi wenzake uzito waziwazi irudishe, hata kama boksi linapendeza.

Sasa hilo la orijino. Boksi lenye jina la lori si lazima liwe limefunga kitu kilichotengenezwa na kiwanda cha lori. Mahle na Kolbenschmidt kwa pistoni, Goetze kwa ringi, Glyco kwa beringi, Elring na Victor Reinz kwa gasketi: hao huuzia viwanda vya magari na pia huuza kwa maboksi yao wenyewe. Mara nyingine ndani ya boksi la namna hiyo utakuta kipuri ambacho nembo ya lori imekwanguliwa. Usishtuke, ni kawaida. Mimi kwa sehemu za ndani ya bloki ningetoa hela yangu kwenye maboksi hayo, na nisingelipia zaidi kwa ajili ya jina la lori tu. Kinachotisha ni boksi la jina kubwa kwa nusu ya bei ya maduka mengine yote. Linganisha namba iliyogongwa kwenye kipuri na ile ya boksi. Pakiwa na alama ya kuskani, iskani hapo hapo kaunta, muuzaji akikutazama.

Kwenye beringi za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, kuna mtego. Injini zenye nguvu hutumia kipande kigumu zaidi upande unaopokea kishindo cha pistoni, yaani upande wa konrodi, si wa kifuniko. Cha Glyco kimeandikwa Sputter mgongoni. Fundi akivigeuza, au duka likikuuzia vya kawaida pande zote mbili, injini itawaka vizuri tu na kukuaga salama. Beringi italia baadaye.

Halafu mpira. Hakuna kipuri rahisi kuliko ringi za mpira za laina, na hakuna kinachorudisha injini chini upesi kama hizo. Ringi za upande wa maji mara nyingi ni za EPDM, mpira unaovumilia maji ya moto na dawa ya kupozea lakini unaovimba ukiguswa na oili. Fundi anapaka oili safi ili laina iteleze. Ringi inavimba ndani ya mfereji wake, ama inakatwa na ukingo wa bloki wakati wa kuisukuma, ama inaikaba laina mpaka inapoteza mviringo wake. Wiki mbili baadaye oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa na kila mtu analaumu gasketi ya hedi. Kama kitabu cha injini hakijasema vinginevyo, paka maji ya sabuni.

Laina ikishakaa, pima kimo cha kola yake juu ya bloki kwa saa ya kupimia, sehemu nne kuizunguka. Ikizama, hedi haiibani na gasketi itapuliza. Kikalio kichongwe na shimu, pete nyembamba ya kuinua laina, iwekwe. Na ringi za pistoni zisivishwe kabla ya kupimwa mwanya: ingiza ringi kwenye laina, isukume kwa pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawa, pitisha fila geji, bapa nyembamba za kupimia nafasi. Kwa makadirio ya mkono ni milimita 0.3 hadi 0.4 kwa kila milimita 100 za kipenyo, ila kitabu cha injini ndicho mwamuzi. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha hugusana kwenye joto na ringi inaikwaruza laina.

Wapi pa kubana matumizi? Kwenye vyuma vikubwa. Krenki, konrodi au hedi iliyotumika Ulaya, ikapimwa na kukaguliwa nyufa, naiamini kuliko mpya ya kopi isiyo na jina. Ringi, beringi, gasketi na mpira uliotumika, hapana, hata ukipewa bure.

Thamostati usiitoe. Najua mafundi wengi huitupa wakisema nchi yetu ni ya joto. Injini isiyofika joto lake hubaki na dizeli isiyoungua inayoteremka ukutani mwa laina, inaosha oili, na laina mpya inalika kabla ya wakati. Nunua nzuri, itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, uone inafunguka kwenye nyuzi zilizogongwa juu yake.

Na kama injini ilishuka kwa sababu ya beringi kusaga, kipoza oili kimejaa unga wa chuma. Kukisuuza kwa dizeli hakutoshi. Kibadilishe, la sivyo unga ule utaanza kutafuna beringi mpya siku ya kwanza.

Oili ya kwanza imwage mapema, na ufungue kile kisafisha oili cha Scania kinachozunguka. Kwangua tope lake juu ya karatasi nyeupe na upitishe sumaku. Vinavyonasa vimetoka kwenye chuma: ringi, laina, gia. Vinavyong'aa bila kunasa ni beringi au pistoni, na hapo fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) siku hiyo hiyo, kabla lori halijapakia.