Msaragambo tunao, mafunzo ndiyo hatuna

Jumatatu jioni ndugu zangu wa Kibosho, Kilimanjaro, hawanipigii simu, wanajua niko kituo cha zimamoto. Naishi kijijini kusini mwa Ujerumani, karibu na Freiburg, mwaka wa tisa sasa, na kazi yangu ni ufundi umeme. Huku zimamoto wa kuajiriwa wako zaidi miji mikubwa. Kijijini gari la zimamoto anaendesha mwoka mikate, mpira wa maji anashika mwalimu. Nchi nzima wanaojitolea hivyo ni kama milioni moja. Mtu akipiga 112, kifaa changu kiunoni kinalia, naacha nyaya, naondoka. Sheria inamkataza bosi kunizuia au kunikata mshahara, na nikiumia huko nina bima.

Nikisimulia haya nyumbani, naambiwa, "Wenzetu wana moyo wa kujitolea, sisi hatuna." Hapo nakataa kabisa.

Desemba iliyopita tumepanda Kibosho kula Krismasi, bodaboda ikavaana na kirikuu njia panda ya kwetu. Kabla sijafika, watu zaidi ya ishirini wameshajaa. Mama mmoja kavua kitenge kumfunika kijana. Wawili wamemshika, huyu kwapani, huyu miguuni, wampakie kwenye bajaji. Nikapiga kelele, "Msimwinue! Shingo!" Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikakishika kichwa chake kwa mikono miwili, nikawa namwambia atazame juu tu, asigeuke. Mzee wa pale akang'oa mlango wa banda lake la mbuzi. Tukamlaza juu yake, watu sita, tukainua kwa pamoja hadi kwenye pikapu ya jirani. Kijana alipona.

Mzee akaniuliza, "Wewe ni daktari, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Najitolea zimamoto."

"Wanakulipa ngapi?"

"Hawanilipi."

"Kumbe ni msaragambo!"

Ndiyo hasa: kazi ya pamoja ya kijiji, bila malipo. Mlima Kilimanjaro ulipowaka Oktoba 2020, si wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka na wananchi walipanda na watu wa hifadhi za taifa, TANAPA, kuuzima? Moyo upo. Wale vijana wawili wa bajaji walikuwa na moyo kuliko mimi, ila wangeweza kumpoozesha mwenzao maisha yote, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo, namba yao ni 114. Lakini kutoka mjini hadi huku migombani, kwenye tope la masika, hata dereva hodari atachelewa. Anayefika kwanza ni jirani, basi jirani ndiye afundishwe: siku moja kwa mwezi kila kata, askari wa zimamoto wakifundisha, na sanduku la vifaa likae ofisi ya kijiji. Sisi wa nje tunachangia harusi na minara ya kanisa; sanduku hilo halitushindi.

Desemba hii naenda na kola za shingo kumi. Mzee amesema atapiga mbiu baada ya misa, na mlango wa banda upo, tujifunzie.