Zima hita kwanza, ndipo uoke pai

Desemba hapa Nottingham, Uingereza, jua linazama saa kumi kasoro dakika kumi. Huu ni mwaka wangu wa tisa na bado sijazoea. Nikichungulia dirishani saa kumi na moja naona giza totoro, na moyo unaniambia nimelala nikapitwa na futari. Sisi tuliotoka kwenye joto dawa yetu ya majira haya ni moja: madirisha yafungwe, hita iwashwe hadi mwisho, chai ya tangawizi, na kulalamika. Leo nataka kuitetea baridi, walau ile ya jikoni. Kama unataka pai ya matunda yenye ganda linalovunjika mdomoni, hita ndiyo ya kwanza kuzimwa.

Ninayoizungumzia ni pai ya wazi, isiyohitaji hata chombo maalumu. Unasukuma duara, unapanga matunda katikati, unakunjia kingo ndani, unaitia kwenye oveni. Picha ya kwanza niliyomtumia mama alijibu: "Unga ulikuishia, mwanangu?"

Mambo yote yako kwenye siagi. Mimi hutumia gramu 200 za unga wa ngano, gramu 110 za siagi iliyotoka kwenye friji sasa hivi, chumvi kidogo, na vijiko vinne hivi vya maji ya baridi. Siagi naikata vipande, kisha naisugua kwenye unga kwa ncha za vidole, nikiacha vipande vingine vikubwa kama kunde. Vikiingia kwenye moto vikiwa bado vigumu, vitayeyukia humo humo, na yale maji kidogo yaliyomo kwenye siagi yatageuka mvuke na kuuinua unga tabaka kwa tabaka. Vikiyeyukia mkononi, unga umeshakunywa mafuta, na utakachokitoa kwenye oveni ni biskuti nzito. Nilishaijaribu pai hii Tabata, Dar es Salaam, mwezi wa Januari, saa nane mchana. Siagi ilikuwa samli kabla sijauona mpini wa kusukumia ulipo. Huku, Januari hiyohiyo, naliweka bakuli kwenye kizingiti cha dirisha, nikirudi baada ya dakika ishirini limepoa kuliko lingekaa kwenye friji. Na umeme sijautumia.

Mpishi wa chapati ana mtihani mwingine, nao ni mkono wake mwenyewe. Tumelelewa kukanda mpaka unga uwe laini kama ndewe ya sikio. Ganda la pai halitaki hayo. Unalikusanya tu lishikane, hata likiwa na nyufa, unalifunga, unaliacha lipumzike nusu saa. Ukilikanda linakuwa la kuvutika kama mpira, na kwenye oveni linasinyaa. Ajabu yake ni kwamba hawa ni ndugu. Chapati uliyoipaka samli ukaizungusha kama konokono hutoka na matabaka kwa sababu hiyohiyo: mafuta yamekaa katikati ya unga na unga.

Sasa tunda. Nikisema tufaa, mtu wa Unguja ataliona lile jekundu la majimaji linaloangukia uani, kwa hiyo niseme epo, kama sokoni. Epo la kupikia la Waingereza ni Bramley, na asili yake si mbali na ninapokaa, mji wa Southwell. Mwaka 1809 msichana Mary Ann Brailsford alipanda mbegu, mti ukaota. Mwaka 1846 nyumba ile ikanunuliwa na Matthew Bramley. Miaka kumi baadaye Henry Merryweather, mtu wa miche, akaja kuomba vijiti vya kubebeshea kwenye miche mingine, na Bramley akakubali kwa sharti kwamba epo lichukue jina lake. Aliyepanda hakupata kitu, aliyenunua nyumba akapata jina lililodumu zaidi ya karne moja na nusu. Kila nikilimenya huwa nalisema hilo kwa sauti, watoto wangu wamelichoka.

Bramley ni chachu kama embe bichi, na likiona moto husambaratika likawa uji. Kwa hiyo moja nalipika kwanza na sukari, naliacha lipoe kabisa, nalipaka chini. Juu yake napanga vipande vyembamba vya epo mbili za kula, ambazo hubaki na umbo. Kati ya ganda na ule uji nanyunyiza kijiko cha suji kinywe maji. Pai yangu ya pili sikuweka suji, na kitako chake kilitoka kama mkate uliolowekwa kwenye chai.

Viungo ndipo ninapogombana na watu. Dukani wanauza kichupa cha unga wa viungo mchanganyiko, na katika nyumba nyingi nilizoingia kichupa hicho kina umri wa mtoto wa darasa la pili. Kinanuka kabati. Kwa upande mwingine kuna sisi, ambao tukisikia neno viungo tunataka kuitia pai kila kilichomo kwenye pilau. Mama anasisitiza hiliki sita. Mimi natia mbili, nusu kijiko cha chai cha mdalasini, na karafuu mbili. Ndiyo, mbili. Mafuta ya karafuu ndiyo yaleyale yanayotia ganzi jino bovu. Nilipozidisha zikafika saba, pai ilikuwa kama nimeiokea kwa daktari wa meno.

Lakini hizo mbili ziwe karafuu kweli. Ibane kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta, kuukuu hukatika kama kijiti. Zangu hutoka Pemba, ndani ya soksi, kwenye begi la yeyote anayekuja. Nikizitwanga kwenye kinu kidogo nakumbuka majamvi yaliyoanikwa kando ya barabara ya kwenda Wete, vitumba vya kijani na vyekundu vikibadilika kuwa kahawia juani, na watu wakikimbia kuyakunja wingu likitanda. Waingereza wametia karafuu kwenye pai ya epo tangu zamani. Mmoja wa majirani zangu, bibi wa miaka themanini anayeniwekea ndoo ya Bramley mlangoni kila Oktoba, hakujua kwamba karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Nilimwonyesha moja kiganjani, akavaa miwani, akaigeuza muda mrefu.

Oveni iwe digrii 200, dakika arobaini, mpaka kingo ziwe rangi ya mandazi yaliyoiva na utomvu wa matunda utokote. Usiikate moto, ule utomvu unahitaji kama nusu saa ugande. Hapo jiko limeshapata joto lake, vioo vimejaa mvuke, na watoto wameandika majina yao juu yake kwa vidole.

Kipande kinachobaki nakila asubuhi kikiwa baridi, na chai ya rangi, kabla ya kwenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari.