Sekondari ya wanafunzi 80: iunganishwe au ibaki?

Mwaka 1940 Marekani ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 117,000, nyingi zikiwa na bodi yao na kodi yao ya majengo na ardhi. Baada ya kuunganishwa, leo zimebaki kama 13,000. Lile basi la njano linalojulikana dunia nzima limezaliwa na mabadiliko hayo. Rangi yake ilikubaliwa mwaka 1939 katika mkutano ulioitishwa New York na Frank Cyr, ambaye aliwahi kusimamia shule za vijijini Nebraska. Kadiri shule zilivyounganishwa ndivyo watoto walivyosafiri zaidi, ikabidi gari lao lionekane kwa mbali hata alfajiri.

Miji midogo ya Iowa, Arkansas au Vermont hurudi kwenye swali la kuunganisha shule kila idadi ya watoto inaposhuka. Wanaotaka kuunganisha huanza na fedha, kwa sababu ruzuku ya jimbo humfuata mwanafunzi. Wakihama watoto 10 waliotawanyika katika madarasa manne, fedha zao zinaondoka nao, lakini hakuna mwalimu anayepungua, boila la kupasha jengo joto linakula mafuta yale yale na basi linapita njia ile ile. Wachumi Duncombe na Yinger walichunguza wilaya za vijijini katika jimbo la New York kati ya 1985 na 1997. Walikuta kwamba wilaya mbili zenye wanafunzi 300 kila moja zikiungana, gharama kwa mwanafunzi hushuka kwa asilimia 31.5, hata baada ya kuhesabu gharama za mpito. Kwa wilaya za wanafunzi 1,500 ni asilimia 14.4.

Fedha hizo ni nyingi, ila kinachonishawishi zaidi ni ratiba ya vipindi. Chukua sekondari ya wanafunzi 80, darasa la 9 hadi la 12, vipindi 8 kwa siku. Mwalimu wa sayansi ni mmoja: sayansi ya jumla, biolojia, kemia na fizikia zote zake, na kila somo lina maandalizi yake. Basi kemia hufundishwa mwaka huu, fizikia mwakani. Mtoto aliyehamia hapo akiwa darasa la 12 katika mwaka usio na fizikia anahitimu bila kuisoma. Karibu kila somo lina mkondo mmoja tu, kwa hiyo hesabu za juu zikiangukia kipindi cha tatu pamoja na bendi ya shule, mpiga tarumbeta lazima aache kimojawapo. Ukisogeza bendi, inagongana na karakana ya kuchomelea vyuma. Na mwalimu wa hesabu akiacha kazi mwezi wa nane, wiki mbili kabla ya kufungua shule, hakuna wa kumshikia. Wanafunzi wanakalishwa mbele ya kompyuta. James Conant, aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipendekeza mwaka 1959 kwamba sekondari zisizofikisha wahitimu 100 kwa mwaka ziondolewe. Naona kiwango hicho kilikuwa kikubwa mno, lakini tatizo alilolishika ni la kweli.

Sasa panda basi. Basi kubwa lina safu 12, kila safu viti viwili, kila kiti watoto watatu: jumla 72 kwenye karatasi. Vijana wa sekondari wenye mabegi na ala za muziki hukaa wawili wawili, zikabaki nafasi 48. Njia ya kilomita 50 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni dakika 60. Vituo 18, dakika moja na nusu kila kimoja, ni dakika 27 nyingine. Masomo yakianza saa mbili, mtoto wa kituo cha kwanza anasimama barabarani saa kumi na mbili na dakika ishirini, Januari, gizani. Dereva lazima awe na leseni ya magari makubwa yenye vibali viwili vya ziada, cha abiria na cha basi la shule, kwa kazi ya vipande, asubuhi kidogo na alasiri kidogo. Madereva hao ni adimu. Akikosekana mmoja, njia mbili hufanywa moja, na dakika zinapanda tena.

Baada ya masomo kuna michezo. Bila basi la pili la jioni, asiye na gari hachezi. Hapo ndipo shule ndogo ina utajiri ambao hauonekani kwenye hesabu za fedha: inamhitaji kila mtoto. Mwaka 1934, jimboni Nebraska, Stephen Epler alibuni futiboli ya Kimarekani ya wachezaji sita badala ya 11 ili shule za namna hii ziwe na timu. Kijana anayeanza kila mechi hapo atakaa benchi katika shule ya 400. Na mji wenyewe hupoteza ukumbi wake, jiko lake kubwa na ajira zake za uhakika.

Arkansas ilichagua amri. Sheria ya mwaka 2004 ililazimisha kila wilaya iliyokuwa chini ya wanafunzi 350 kwa miaka miwili mfululizo iunganishwe; mwaka 2015 jimbo likalegeza na kuruhusu maombi ya msamaha. Kasoro ya kuwawekea wote kiwango kimoja ni kwamba hakipimi barabara. Wanafunzi 340 kwenye tambarare si sawa na 340 milimani.

Njia ya Iowa naiona bora: bodi mbili zinagawana madarasa kwa mkataba, mji mmoja ukichukua sekondari na mwingine shule ya kati, ile iliyo baina ya msingi na sekondari, na kuungana kabisa kunangoja kura ya wananchi. Ningeunganisha darasa la 9 hadi la 12 pale ratiba inaposhindwa kutoa kemia na fizikia kila mwaka, na kuacha shule ya msingi katika kila mji, kwa sababu mtoto wa miaka sita hastahili dakika 87 za basi. Mambo matatu yaandikwe mkatabani kabla ya kura: dakika 60 ndio mwisho kwa mtoto wa kituo cha mbali kabisa, basi la jioni siku zote za mazoezi, na nani atalipa deni la jengo litakalofungwa.