Moki zilivyoniumbua mbele ya bosi

Najua mmeshaisikia. Jirani yangu wa dawati, mtu ambaye siri haijawahi kulala kwake, ameirusha kwenye magrupu, na kwenye toleo lake eti nililia. Sikulia. Viyoyozi vya ofisi vina vumbi.

Ni hivi. Mfumo wetu wa mikopo una meseji mbili: aliyelipa anapata risiti, aliyechelewa anapata onyo. Nikaandika testi, yaani programu ndogo ya kuupima mfumo, kwa lugha ya Python na moki mbili, vile vibandia vinavyosimama badala ya meseji zenyewe ili tusimsumbue mtu. Pachi, ile mistari inayoziweka moki mahali pake, nikazipanga juu ya testi kama sahani, risiti juu, onyo chini, nikazipokea kwa mpangilio huohuo. (Wa Python mmeshaanza kucheka, tulieni.) Python hukabidhi ya chini kwanza. Kwa hiyo niliyemwita Risiti alikuwa Onyo, na Onyo ndiye Risiti.

Testi ikawa nyekundu, yaani imefeli. Kosa likaandikwa wazi: 'tuma_onyo' ilitarajiwa iitwe mara moja, imeitwa mara 0. Moki imevaa kitambulisho shingoni kabisa! Mimi nikaona wekundu tu. Msimbo wa mfumo ulikuwa sahihi, nikaugeuza uite ile meseji nyingine. Kijani, testi imepita. Nikaenda zangu kula chipsi mayai.

Jumatatu, kikao, wageni wapo. Bosi alikuwa amekopa elfu kumi makusudi, akalipa palepale kuwaonyesha mfumo unavyokimbia. Simu ikalia. Akatabasamu. Akaitazama. Tabasamu likabaki ila macho yakaondoka. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kisha akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama wosia: "Ndugu mteja. Umechelewesha. Marejesho. Tumewajulisha. Wadhamini wako."

Feni ikazunguka. Mgeni mmoja akakohoa. Mimi nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza, na jamani, sikuwa na kalamu.

"Mdhamini wangu," bosi akasema taratibu, "ni mke wangu."

Simu ikaanza kuita. Mnajua ni nani.

Mengine mafupi: tukarudisha toleo la zamani, nikaandika meseji za kuomba radhi hadi usiku, kazi bado ninayo.

Ila kuna kipande huyo mtangazaji wenu amekiruka. Asubuhi ileile yeye, mwenye deni la miezi miwili, alipata meseji ya "Asante, deni lako limekwisha", akasema "Amina" ofisi nzima ikasikia. Mpaka leo hajalipa. Anasema risiti anayo.