Ruzuku Inajenga Mtaro, Nani Atauzibua?

Mtaro ulio mbele ya soko letu una mifuniko ya zege, ila kila ukipiga hatua kumi hivi unakuta mmoja haupo. Mama mboga mmoja amefunika shimo lililo mbele ya kibanda chake kwa ubao wa meza kuukuu. Mvua ikinyesha, maji yanapita juu ya mtaro kama hayauoni, maana ndani kumejaa mchanga, chupa na magunzi ya mahindi. Ulijengwa vizuri tu. Siku ya uzinduzi nilikuwepo, na soda nikanywa.

Kazi nyingi za aina hii mijini zimetokana na ruzuku yenye masharti. Kifungu cha 202 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinairuhusu serikali ya kitaifa kuziongezea kaunti fedha, zikiwa na masharti au bila. Mpango mkubwa wa kustawisha miji kwa njia hiyo uliidhinishiwa dola milioni 300 na Benki ya Dunia mwaka 2017, kwa miji 59 katika kaunti 45. Nairobi na Mombasa hazikuwemo.

Sharti moja lilikuwa mji uwe na hati ya manispaa, bodi na meneja. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ilikuwepo tangu 2011, na magavana wengi walikuwa wameikalia. Pesa zilipotajwa, hati zikatoka mbio mbio. Mimi si shabiki wa masharti ya wafadhili, lakini hapo yalifanya kazi ambayo sheria yenyewe ilishindwa nayo kwa miaka.

Kinachonikera ni orodha ya matumizi. Barabara, mitaro, taa, masoko, taka, zimamoto: yote ni kujenga na kununua. Mshahara wa anayezibua mtaro utoke mfuko wa kaunti, na bodi ya manispaa mara nyingi huishia kuomba idara ya fedha kama mtoto anayeomba nauli. Katika kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, mzee mmoja aliulizia mifuniko. Afisa akamweleza, kwa upole sana, kwamba huo si mradi. Na alisema kweli! Kuzibua mtaro hakuna zabuni, hakuna bango, hakuna utepe wa kukata.

Ningepewa kalamu ya kuandika masharti ningeongeza moja: kabla ya awamu mpya ya fedha, mkaguzi atembelee kazi za awamu iliyopita, kwa miguu, kesho yake baada ya mvua kubwa. Makabrasha ayaache ofisini. Kaunti zitalia kwamba hela huchelewa kufika, na ni kweli huchelewa. Lakini koleo mbili na toroli hazisubiri mgao wa Nairobi.

Wiki iliyopita yule mama mboga alibadilisha ubao, wa kwanza ulishaoza. Huu mpya kanunua mwenyewe, shilingi mia mbili.